Wangu Hana Neno

Kila mtu katika jengo letu ana mbwa mpole, isipokuwa mimi. Waulize, watakwambia. Mwenyekiti wa jengo ana Jenerali, mbwa wa kahawia mwenye kifua kipana kama kabati, naye ni mpole. Wakala wa bima anayekaa ghorofa ya juu ana Pamba, kijibwa cheupe kinachobweka tangu kinapofumbua macho mpaka kinaposinzia, naye ni mpole pia. Tena Pamba ni mpole kupita wote, ndiyo maana hajawahi kuvalishwa kamba tangu azaliwe. Mimi peke yangu ndiye niliyeleta balaa.

Balaa lenyewe linaitwa Meneja. Nilimkuta kwenye yadi ya magari yaliyotumika, nilikokwenda kupima viti vya basi dogo vilivyotakiwa kuvishwa vitambaa vipya. Mimi ni fundi wa makochi, na viti vya magari navyo huwa havinipiti. Yadi ilikuwa inafungwa. Magari yalishapata wanunuzi, mabati yalishapata wanunuzi, hata lango lilishapata wa kuling'oa. Aliyebaki bila mwenyewe alikuwa mbwa mmoja mweusi mwenye sikio lililochanika, amefungwa mnyororo mlangoni mwa ofisi, amekaa wima kama anayesubiri kuletewa faili. Jina nilimpa palepale.

"Huyo kesho anadungwa sindano," mwenye yadi aliniambia, huku anachokonoa meno kwa kijiti.

"Amefanya nini?"

"Hajafanya kitu. Ila hawezi kuona mbwa mwenzake, atamrarua. Nani atamtaka?"

Nikamwuliza ukali huo ameutoa wapi, naye akanieleza kwa fahari, kama mtu anayekupa siri ya biashara. Mbwa wa yadi walikuwa kundi zima. Jioni walimwagiwa makombo ya ndoo moja katikati ya uwanja, kisha wanafunguliwa wote kwa pamoja. Anayeshinda ndiye anayekula. Anayeshindwa analala na njaa, na kesho yake anakuwa mkali zaidi. "Mwizi hakuwahi kukanyaga hapa," alisema. Damu ilinichemka. Mtu anamharibu mnyama kwa mikono yake mwenyewe, halafu anamwua kwa kosa la kuharibika. Nikamwambia afungue mnyororo, nisije nikamfunga yeye.

Nyumba tunayokaa ni ya mama mkwe. Mume wangu ni dereva wa malori, barabara ndiyo inayomjua zaidi, kwa hiyo kwa sehemu kubwa ya mwaka tunabaki wawili: mimi chini kwenye karakana yangu ya makochi, na mama juu ghorofa ya kwanza, kwenye roshani inayotazama ua wa jengo. Mama mkwe alikuwa karani wa mahakama. Maisha yake yote alipiga chapa ushahidi wa watu, wa kweli na wa uongo, mpaka akastaafu. Si mtu wa kupigishwa hadithi.

Alimtazama Meneja kuanzia sikio hadi mkia. "Mwanangu," aliniambia, "tumekosa watu wa kulisha?" Lakini jioni hiyohiyo nilimkuta amemtandikia blanketi lake la zamani, na aliponiona akajifanya anatafuta miwani.

Hatujamaliza hata wiki, Pamba akafanya mambo yake. Nilikuwa naingia langoni na Meneja, kamba mkononi, tunakwenda zetu. Kijibwa kile kikashuka ngazi kama jiwe lililorushwa, moja kwa moja hadi usoni pa Meneja, kinabweka, kinaruka, kinatoa meno. Nyuma yake, ngazini, Wakala anashuka taratibu na simu sikioni.

"Usiogope, dada," alisema. "Wangu hana neno. Anataka kumsalimia tu."

Meneja hakujua salamu za namna hiyo. Alimkamata Pamba mgongoni. Nilivuta, nikapiga kelele, nikamwingiza mkono shingoni mpaka akaachia, na Pamba akaondoka na kidonda kilichotaka kushonwa. Nilimwonea huruma yule mdogo, sikatai, kwa sababu naye hakujiumba bila adabu. Lakini mwenyekiti wa jengo alipofika hakuuliza nani alikuwa na kamba na nani hakuwa nayo. Aliuliza tu nani anatoka damu.

"Fundi, nakuonya mara moja tu," alisema. "Akirudia, nawapigia watu wa manispaa. Na mbwa wakimchukua kwa kosa la kuuma, harudi. Unajua wanachomfanya."

Nilijua. Alikwishaponea sindano moja, sasa anatishiwa ya pili.

Nilimpeleka kwa daktari wa mifugo, mwanamke mmoja mtaratibu kiasi cha kukera. Mimi nilikuwa nimefika na moto wangu, nataka mtu wa kukasirika naye, yeye akawa ananawa mikono. Akaniambia jambo la kwanza ni kumvalisha Meneja kikapu cha waya mdomoni kila anapotoka nje.

"Aliyevamiwa ndiye afungwe mdomo?" nilimwuliza.

"Ndiyo," alisema. "Si adhabu. Anajifunza, na anayejifunza hukosea. Kikapu kitafanya kosa lake lisimuue."

Nikakinunua kikapu.

Kazi yenyewe, ukiielezwa, unaiona ya kitoto. Unamkalisha mbwa mbali, mahali ambapo anawaona mbwa wengine lakini bado hajapandwa na mori. Mbwa akitokea, unampa kipande cha maini ya kuchemsha. Mbwa akipotea, maini nayo yanapotea. Basi. Huna haja ya kumpiga, kumfokea wala kumburuta. Nilimwambia daktari kwamba hiyo ni rushwa. Akasema ni kumwonyesha kwamba mbwa mwingine akija, chakula kinakuja, hakiondoki. Huko alikotoka alifundishwa kinyume. Akaniambia pia nichunge mkono wangu. "Ukikasirika unakaza kamba. Ukikaza, anajua kuna vita. Wewe ndiye unayempigia baragumu."

Hilo liliniuma, lakini nililibeba. Nikawa ninaacha makochi ya watu yametoa springi nje, ninakwenda na Meneja hadi nyuma ya uwanja wa mpira, ambako mbwa wa upande wa pili wanaonekana wadogo kama viatu. Tunakaa kwenye nyasi. Anatazama, nampa. Anatazama, nampa. Siku nyingine tunarudi tumepiga hatua mbele, siku nyingine anatokea mbwa ghafla kwenye kona, nywele zinamsimama, anabweka mpaka sauti inakauka, nami narudi nyumbani nimekufa moyo, nanuka maini.

Wa kwanza kunirudisha nyuma hakuwa jirani. Alikuwa mama mkwe. Nilianza kuona Meneja akikaa roshanini na kubweka kwenye ua mtupu, ambao hauna mbwa wala kuku, kisha anageuza kichwa kutazama ndani. Nikajibanza mlangoni nione. Akabweka tena, na mama akatoka na kipande cha nyama. "Haya, baba, nyamaza, kula." Kumbe kila Jenerali alipopita chini na Meneja akabweka, mama alimtuliza kwa nyama. Mbwa alishaelewa kwamba akitaka nyama anapiga kelele, na mama yule analeta.

"Mama, unamlipa kwa kubweka," nilimwambia, na sauti yangu haikuwa ya mkwe kwa mama mkwe.

"Hata mshtakiwa hupewa maji," alinijibu, bila kuinua macho.

Daktari alipoelezwa alicheka mpaka akafuta machozi. Akasema mama asiache, ila awahi: ampe Meneja anapomwona mbwa na bado yuko kimya, si baada ya kelele. Nikadhani nimempa mzee wa watu kazi ya kumshinda. Lo. Mama aliishika roshani ile kama ofisi. Alivuta kiti, akaweka bakuli pembeni, akamtazama Meneja na Meneja akautazama ua. Mtu aliyezoea kukaa saa nzima akisubiri wakili amalize kukohoa ana subira ambayo mimi sitaipata hadi naingia kaburini. Baada ya muda Jenerali alikuwa anapita chini anakojolea vyungu vya maua vya watu, na Meneja anamtazama tu, kisha anamgeukia mama kama anayeuliza, vipi, umemwona yule?

Sasa hapo ndipo majirani walipoingia na kitu chao kinachoitwa kupima. Mpaka leo nikikumbuka mishipa ya shingo inanisimama. Walishasikia namfundisha, basi kila aliyekuwa na mbwa akaona ana haki ya kusahihisha mtihani. Niko zangu ng'ambo ya barabara, mbali, nimetulia, natokewa na msusi wa saluni ya jirani anamvuta mbwa wake moja kwa moja hadi kwetu.

"Nimemleta tumpime," anasema, anatabasamu. "Amepona?"

"Dada, rudi nyuma, tafadhali."

"Aa, kumbe bado." Na anaondoka kichwa juu, kwenda kuwatangazia wateja wake kwamba bado.

Mtu akivunjika mguu akaanza kujifunza kutembea, hakuna anayemtegea kamba mlangoni aone kama ataanguka. Lakini mbwa wangu walimtegea kila siku. Na kikapu cha mdomoni, nilichomvalisha kwa ajili ya usalama wao wenyewe, kikageuzwa ushahidi. "Si mnaona," Wakala aliwaambia watu kwenye ngazi, nami napita, "hata mwenyewe anajua amefuga muuaji. Amemfunga mdomo." Ningemwacha wazi, wangesema nataka aue. Nimemfunga, wanasema anaua. Nikaenda kumalizia hasira zangu kwenye kochi la mteja, na misumari niliyopigilia siku ile hakuna atakayeing'oa.

Siku nzuri zilikuwepo. Daktari alikuwa na mbwa wake jike, mzee, mnene, tuliyemwita Bibi. Bibi hakuwa na haraka na kitu chochote duniani. Tukaanza kutembea naye: yeye na daktari upande mmoja wa barabara, mimi na Meneja upande wa pili, wote tunaelekea kulekule. Hawasogeleani, hawatazamani usoni, wanatembea tu. Kila baada ya siku chache tulipunguza nafasi. Tukahamia upande mmoja wa barabara, Bibi mbele, Meneja nyuma, ananusa alipopita. Asubuhi moja Bibi alisimama kunusa nguzo ya taa, na Meneja, badala ya kusubiri nyuma, akasogea akanusa nguzo ileile. Pua zao zikakaribiana. Bibi akamnusa kupitia waya za kikapu, akapumua kwa nguvu, akaendelea na safari. Meneja akabaki amesimama, mkia umeshuka nusu, kama mtu aliyekunja ngumi kwa mapigano ambayo hayakutokea. Nililia palepale barabarani. Daktari akajifanya anafunga kamba za viatu, na viatu vyake havikuwa na kamba.

Basi nikiwa katika furaha hiyo, Pamba akashuka tena. Safari hii ilikuwa ndani, kwenye ngazi, mahali pembamba pasipo na pa kukimbilia. Bila kamba, kama kawaida. Nilimwita Wakala, nikamwomba amshike. "Wangu hana neno," ilijibu sauti kutoka juu. Pamba akamrukia Meneja usoni, Meneja akamsukuma kwa kikapu, mara moja, na Pamba akabiringika vidato kadhaa huku analia kama anachinjwa. Hakupoteza hata unywele. Lakini milango ilishafunguliwa na watu walishatoka kusikiliza kilio.

"Amerudia," alisema mwenyekiti.

Akaitisha mkutano wa jengo Jumamosi alasiri. Mwenyekiti wetu anapenda mikutano kuliko chakula, na siku ile alipanga viti vya plastiki uani kwa mkono wake. Ajenda ilikuwa moja: manispaa waitwe au wasiitwe. Wakala alisimama akazungumza vizuri, kwa sababu kuzungumza ndiyo kazi yake. Alieleza jinsi anavyoishi kwa hofu. Alieleza jinsi Pamba anavyoota ndoto mbaya. Alitia chumvi mpaka ikamwagika, na watu wakatikisa vichwa kwa huruma.

Kisha mwenyekiti akainua mkono. "Mimi ni mtu wa haki," alisema. "Sitaki tumhukumu mbwa bila kumwona. Tumpime hapahapa, mbele ya wote, na mbwa wengine wawepo. Akitulia, nafunga mdomo wangu. Akileta fujo, napiga simu saa hiihii." Akageuka akatoa nyuma ya kiti chake ndoo iliyojaa mifupa na mabaki ya nyama kutoka buchani. "Na nimeandaa. Sisi watu wakigombana, tunafanya nini? Tunawakalisha kwenye sahani moja. Wakila pamoja, yamekwisha. Kwa nini wanyama washindwe?"

Watu walipiga makofi. Walipiga makofi kweli, na baadhi yao walikuwa na nyuso za upendo. Hilo ndilo lililonitia baridi. Hakuwa amekusudia ubaya. Alikuwa ametoka asubuhi kwenda buchani, ameomba mifupa, amebeba ndoo nzito juani, kwa nia njema kabisa. Na alichoandaa ni yadi ileile, jioni ileile, chakula katikati na mbwa pande zote.

Nikasimama nikawaeleza. Niliwaambia alikotoka Meneja na alivyolishwa. Niliwaomba wanipe nafasi nimpitishe karibu na Jenerali, kwa kamba, kwa utaratibu, watamwona ametulia. Niliwaambia hata mbwa asiye na historia hapelekwi kwenye chakula cha pamoja na asiowajua.

"Huyo ni mnyama, fundi," mwenyekiti alisema kwa upole. "Hakumbuki."

"Anaogopa," Wakala akawaambia wengine. "Anajua."

"Apimwe, au nipige simu," mwenyekiti akamaliza.

Nilimtazama mama mkwe. Alikuwa amekaa mstari wa mbele, mkoba mapajani. Akanikonyezea jicho kuelekea mwisho wa ua, kwenye tangi la maji. Nikaelewa. Hakuna aliyesema nisimame wapi. Nikamchukua Meneja, nikamkagua kikapu, nikaenda kusimama kando ya tangi, mbali kadiri ukuta ulivyoniruhusu, mfuko wa maini ukiwa kiunoni. Moyo unanipiga kama cherehani.

Mwenyekiti akaimwaga ndoo katikati ya ua.

Nilihisi kamba ikibadilika. Nywele za Meneja zilisimama kutoka shingoni hadi mkiani, mwili wote ukawa mgumu, akaanza kutetemeka. Hakubweka. Alikuwa analitazama lile lundo la mifupa na mimi nilijua anachokiona. Kila kitu ndani yangu kilitaka kukaza mkono. Nikaulegeza. Sijui nilivyoweza, vidole vilikuwa vinauma kwa kutokaza. Nikamwita kwa sauti ya kawaida, ile ninayotumia kumwambia hujambo. "Meneja." Hakusikia. "Meneja." Sikio lile lililochanika likageuka kwanza, kisha kichwa. Akanitazama. Nikampa ini kupitia waya. Akageuka kutazama mifupa tena, akanirudia mwenyewe. Nikampa. Bado anatetemeka, bado nywele zimesimama, lakini anarudi. Kila mara anarudi. Nikaanza kurudi nyuma pole pole mpaka mgongo wangu ukagusa tangi, naye akaja akakaa juu ya miguu yangu.

Huko katikati, wale wapole walikuwa wameshafika mezani. Jenerali aliweka kichwa juu ya lundo lote kana kwamba ni urithi wa babake. Pamba akapenya chini ya kidevu chake, akachomoa mfupa. Jenerali akanguruma. Pamba, ambaye hana neno, akamng'ata sikio. Mbwa wa msusi akajitupa ndani, na baada ya hapo hukuweza kujua mguu upi ni wa nani. Viti vikaanguka. Mwenyekiti akamshika Jenerali mkia, akaburutwa, akakaa chini penye mafuta ya mifupa. Wakala akaingiza mkono kumchomoa Pamba, na mkono ukatoka na damu. Mtu mmoja alifungulia bomba, wakamwagiwa maji wote, mbwa na watu, ndipo wakaachana.

Wakala alikuwa ameshika mkono wake, amelowa, anahema. Akatazama watu wanavyomtazama. Kisha akanyoosha kidole chake chenye damu kuelekea kwenye tangi la maji.

"Ni yule," alisema. "Ni yule mweusi. Amening'ata."

Nilidhani watu watacheka. Hawakucheka. Mwenyekiti aliinuka, suruali inameta mafuta, akasema, "Mmeona sasa? Si mmeona?" Na msusi akasema ndiyo, na mwingine nyuma akasema nilijua tu. Mbele ya macho yangu watu wakaanza kukumbuka kitu ambacho hakikutokea. Mmoja alisema alimwona Meneja akikimbia. Mwenyekiti akatoa simu mfukoni, akaifuta maji kwenye shati, akaanza kutafuta namba.

Mama mkwe alisimama. Alifunga mkoba wake, akaenda hadi mbele ya Wakala.

"Pole, baba," alisema. "Umeng'atwa na nani?"

"Na huyo mbwa wenu, mama. Huyo mweusi."

"Ukiwa wapi?"

"Hapa. Kwenye mifupa."

"Na alikukamata mkono."

"Ndiyo, mama. Kwa nguvu."

"Mtazame vizuri."

Wakala akamtazama Meneja. Wote walimtazama. Alikuwa amekaa juu ya miguu yangu, mkavu mbele ya watu waliolowa, na kikapu cha waya kimefungwa mdomoni mwake kama kilivyofungwa tangu asubuhi.

"Amekung'ata kwa kutumia nini, baba?" mama aliuliza. "Macho?"

Aliyeanza kucheka alikuwa yule aliyesema alimwona Meneja akikimbia. Wakamfuata wengine, wakashikana mabega, wakavunjika mbavu. Wakala akaangalia mkono wake kama vile ndio uliomdanganya. Mwenyekiti akairudisha simu mfukoni, akakohoa, akatafuta sauti yake ya kazi.

"Basi," alisema. "Jengo limeamua mbwa wa fundi abaki. Ila kwa uangalizi."

Hakuna aliyesema samahani. Hata mmoja. Nilingoja, nikidhani labda wanapanga maneno, lakini walikuwa wanapanga viti. Uangalizi. Mbwa pekee aliyekaa chini uani kwetu alasiri ile ndiye aliyewekwa chini ya uangalizi. Mama alinishika mkono, akasema twende, imetosha, abaki ndilo tulilolitaka. Na ni kweli. Lakini nilimwona Wakala anaelekea kwenye ngazi, na Pamba anamtangulia, huru kama siku zote. Na njia ya kwenda kwenye ngazi inapita kando ya tangi.

"Kamba," nilisema. Sikupiga kelele sana. Waliosikia ni ghorofa zote tu.

"Dada, sina kamba hapa."

"Utaipata. Hapiti hapa bila kamba. Leo hapiti."

Akamtazama mwenyekiti, na mwenyekiti akatazama chini. Akawatazama wengine, na wengine wakakunja mikono wasubiri waone. Basi Wakala akafungua mkanda wake wa suruali, akauchomoa, akamfunga Pamba shingoni. Akaja kupita mbele yetu, mkono mmoja unamvuta kijibwa, mwingine umeshika suruali isimtoke. Ua mzima ukalipuka kwa kicheko kuliko mara ya kwanza.

Pamba alipita karibu kiasi kwamba ningeinama ningemgusa. Alibweka usoni pa Meneja. Nilikuwa nimelegeza kamba. Meneja alimtazama, nywele zake zikiwa zimelala, akageuza kichwa pembeni, akapiga mwayo mrefu ndani ya kikapu chake. Miezi yote ile ya nyasi na maini na roshani ilikuwa ni kwa ajili ya jambo hilo moja. Nikainua uso niwaonyeshe watu. Wote, hadi mwenyekiti, walikuwa wanaitazama suruali ya Wakala ikipanda ngazi.